Niliyeonekana Zaidi Ni Mimi: Kulungu, Machipuko na Kamera ya Mtego

Ndugu zangu, asanteni kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumze kuhusu kuwatazama kulungu kwa kamera ya mtego, ile unayoifunga mtini ikapiga picha yenyewe mnyama akipita, wakati wa machipuko, yaani miezi ya baada ya baridi ambapo majani huota upya, na mwenyekiti amenionya nisizidishe dakika ishirini. Kwa hiyo nikianza kupotelea kwenye habari za ndege, mnikohoe.

Kwanza nina deni la neno. Kulungu wa Kiswahili cha asili ni mnyama mwingine. Ni yule wa vichakani, mwekundu wa kahawia mwenye michirizi na madoa meupe, ambaye pembe zake zimejisokota na hazimtoki kichwani maisha yake yote. Huyo ni ukoo mmoja na ng'ombe na mbuzi. Ninayemzungumzia leo ni wa ukoo mwingine kabisa, ambao Afrika nzima una mwenyeji mmoja tu, naye yuko kule kwenye misitu ya Algeria na Tunisia. Lipo neno la zamani, ayala, ambalo wengi wetu tumelisikia kanisani na kuliacha hukohuko. Wafasiri wameshaamua kwamba huyu naye ni kulungu, na mimi sina nguvu za kupigana nao. Wataalamu wa wanyama mlio humu ndani, naomba msamaha wenu mapema.

Ila tofauti ya koo hizi mbili si ya majina tu, na ndiyo inayoyapa machipuko utamu. Pembe ya swala, ambaye ni wa ukoo ule wa ng'ombe na mbuzi, ni mfupa uliovikwa ala ngumu ya dutu ileile ya kucha, na haidondoki. Pembe ya kulungu, ile yenye matagaa, ni mfupa mtupu unaodondoka na kuota upya kila mwaka. Dume hupoteza pembe zake wakati wa baridi. Ukiweka kamera mwezi wa Aprili, utaletewa picha za "majike" watupu mpaka ujiulize madume wameenda wapi. Hawajaenda popote. Wapo hapohapo, vipara.

Ninaowatazama mimi ni kulungu mkia-mweupe, wale wa Amerika Kaskazini ambao wakishtuka huinua mkia kama mtu anayepunga leso. Mengi nitakayosema yanawahusu na jamaa zao wengine, lakini nikitaja miezi, mjue ni miezi ya hawa.

Sasa niwape aibu yangu, maana hotuba hii yote imezaliwa humo.

Mwaka wangu wa kwanza niliifunga kamera tarehe 20 Aprili, kwenye mti ulio kando ya njia ya wanyama inayoteremka kijitoni. Nikawa mtu wa kwenda kuitazama kila baada ya siku mbili, kama mtoto aliyepanda haragwe na kulifukua kila asubuhi aone kama limeota. Mwisho wa Mei nikakaa chini nikahesabu. Rakuni mmoja. Kindi wengi. Bata mzinga watatu. Kulungu mara 11, na kumi kati ya hizo zilikuwa kabla ya tarehe 5 Mei. Na mimi mwenyewe, mara 34. Mnyama aliyeonekana zaidi kwenye utafiti wangu wa wanyamapori alikuwa amevaa kofia ya bluu.

Ile ya kumi na moja ndiyo niliyoihifadhi. Kamera imeandika 05:47, yaani kwa saa zetu kumi na moja na dakika 47 alfajiri. Kuna ukungu mwembamba. Jike amesimama katikati ya njia, shingo imenyooka hadi chini, pua ikikaribia kugusa udongo palepale nilipopiga goti jana yake kufungua kifuniko cha kamera. Sikio la kushoto linatazama mbele, la kulia limegeuzwa nyuma, kila moja na kazi yake. Mguu mmoja wa mbele uko juu, umekunjwa. Picha ya pili, sekunde chache baadaye, mguu bado uko juu. Picha ya tatu ni miti mitupu.

Mguu ule si mkao wa kupigiwa picha. Kulungu akitilia shaka kitu hukanyaga chini kwa nguvu, na katikati ya kwato zake kuna tezi yenye harufu. Akikanyaga anaacha ujumbe hapo kwa wenzake watakaopita. Yaani yule mama aliandika onyo juu ya alama ya goti langu. Na tumbo lake, ukiitazama picha kwa makini, lilikuwa limejaa pande zote mbili. Alikuwa na mimba ya kukaribia kuzaa, na mimi nilikuwa nimelipaka eneo lake lote harufu yangu. Kwenye njia ile hakuonekana tena msimu wote.

Watu hununua kamera hizi wakidhani zinawasogeza karibu na mnyama. Mimi nimejifunza kuwa kazi yake, hasa machipuko, ni kukuwezesha kukaa mbali. Mkiondoka na hilo tu leo, yaliyobaki mnaweza kusinzia.

Wazo lenyewe si geni. Mmarekani George Shiras, aliyekuja kuwa mbunge wa Pennsylvania katika Bunge la Marekani, alianza katika miaka ya 1890 kuwapiga picha kulungu usiku akiwa mtumbwini, kwenye ziwa moja la Michigan. Baadaye akafikia hatua ya kutega uzi, ili mnyama akiugusa ajipige picha mwenyewe, flashi ikilipuka kama radi. Julai 1906 jarida la National Geographic lilichapisha picha zake 74 kwa mkupuo. Picha zenyewe ni nzuri ajabu, ila ukiwatazama wale kulungu, wengine wako hewani, miguu yote minne, wakikimbia ule mlipuko. Sisi tumebahatika. Mnyama wetu siku hizi anaweza asijue kabisa kuwa amepigwa picha.

Nasema "anaweza" kwa makusudi. Kamera nyingi za usiku humulika kwa miale ya infraredi, mwanga ulio nje ya wekundu tunaouona. Zile za nanomita 850 (nanomita hapa inapima urefu wa wimbi la mwanga) huona mbali zaidi, lakini taa zake zinang'aa wekundu hafifu ukizitazama usiku. Zile za nanomita 940 hazionekani, ila picha huwa na giza kidogo na chengachenga. Macho ya kulungu ni dhaifu kwenye rangi nyekundu na makali kwenye bluu (ndiyo maana hadi leo naionea haya ile kofia), lakini nimewaona mara nyingi wakikodolea macho taa za 850. Kwa machipuko nachagua 940. Afadhali picha mbovu ya kulungu aliyetulia.

Tuingie ndani ya hiyo kamera kidogo, kwa sababu makosa mengi hutokana na kudhani kuwa inaona. Inachofanya ni kuhisi joto lililohama. Mbele ya kihisi chake kuna kipande cha plastiki kilichochongwa kuwa vilenzi vingi vidogo, vinavyoligawa eneo vipande vipande. Mwili wenye joto tofauti na mazingira ukivuka kutoka kipande hadi kipande, kamera inaamka. Ndiyo maana mnyama anayekatiza hunaswa upesi, na anayeijia uso kwa uso anaweza kuikaribia kabla haijastuka. Lakini ukiielekeza ikatize njia moja kwa moja, utapata mikia: mnyama hupita kasi, kamera inapoamka kichwa kimeshatoka. Iweke mshazari kwa njia, hatua nne au tano kutoka ilipo, kwa kimo cha nyonga ya mtu, ikiinama kidogo. Na iangalie kaskazini, maana kwenye nchi za kaskazini jua halichomozi wala halizami moja kwa moja mbele yake kama inavyokuwa ukiigeuzia mashariki au magharibi.

Machipuko yana hila moja ambayo hakuna kijitabu cha maelezo kilichonieleza. Mahali unapopaona Aprili si mahali utakapopakuta Mei. Unafunga kamera msitu ukiwa mtupu, unaona hadi ng'ambo ya kijito, unajisifu. Wiki tatu baadaye mmea wa kangaga umejikunjua sentimita arobaini mbele ya lenzi, jua limeupasha joto, upepo unautikisa. Joto linalohama! Nilirudi na kadi yenye picha 1,900 za jani moja. Nililijua lile jani kuliko ninavyowajua majirani zangu. Siku hizi naangalia chini kabla ya kufunga: vichwa vya kangaga vilivyojikunja kama ngumi ya mtoto mchanga huonekana mapema, ukijua unachotafuta. Na nafunga kwenye shina nene, maana mti mwembamba ukiyumba, kamera nayo inayumba na kila kitu mbele yake kinakuwa kama kimehama.

Mengine ni ya kawaida. Betri za lithiamu zinavumilia usiku wa baridi kuliko zile za alkalini. Kadi ifomati humohumo ndani ya kamera. Hakikisha saa na tarehe ni sahihi, maana picha bila tarehe haikusimulii kitu.

Na sasa naenda mara moja kwa mwezi. Naenda adhuhuri, wakati kulungu wengi wamelala mahali wakicheua, kwa sababu saa zao za kutembea ni alfajiri na magharibi. Navaa buti za mpira zisizonywa harufu, sishiki matawi, nachagua siku ambayo mvua inanyemelea ili inifutie nyayo. Natoa kadi, natia nyingine, naondoka bila kutazama. Hapo kwenye kutotazama ndipo roho inapopigana na mwili. Kuna kamera zinazotuma picha kwa laini ya simu, na wengine humu mnazo; zinafaa, sizipingi. Ila nimemwona rafiki yangu akiitazama simu yake mara tatu mezani, anasubiri kulungu apite, na nikajiambia kwamba heri mwezi wangu mmoja wa kutojua.

Basi unapata nini ukikaa mbali?

Unapata pembe. Nina dume mmoja niliyemfuatilia kwa kamera moja tu, mahali pamoja, kwa sababu ana mkato kwenye sikio la kulia. Aprili ana vishina viwili tu juu ya paji, kama vifundo vya vidole chini ya ngozi. Siku zinaporefuka, mwanga wenyewe ndio unaoupa mwili wake ishara, na pembe inaanza. Katikati ya Mei zimefika urefu wa masikio na ncha zake ni butu, nene, mviringo kama kidole gumba. Mwanzoni mwa Juni zimeanza kugawanyika. Wakati huu wote zimevikwa ngozi yenye manyoya mafupi laini kama mahameli, na ngozi hiyo imejaa mishipa ya damu. Ukiigusa ni ya moto. Ni katika tishu zinazokua kwa kasi kuliko zote kwa mamalia. Kwa jamii zenye miili mikubwa, kama elki, inaweza kuongezeka sentimita mbili na zaidi kwa siku moja. Kwenye picha za usiku utaona dume akipita vichakani amekiinua kichwa na kukizungusha polepole, kama mama aliyebeba mtungi, asigonge tawi. Ni mnyama yuleyule ambaye Novemba atapigana kwa pembe hizo hadi kuvuja damu.

Ukitaka kupima, usihangaike na rula. Kwenye mti ulio katikati ya picha zangu kuna kifundo kilichopo sentimita 90 kutoka ardhini. Kila mnyama anayepita hapo napima kwa kifundo hicho.

Unapata pia ngozi. Kila mwaka mtu ananiletea picha ya Mei akisema kulungu huyu ana ukurutu, tumpigie nani simu. Mara nyingi si ukurutu. Anavua koti la baridi, lile la kijivu lenye nywele nene zilizo wazi ndani, na chini yake koti jembamba jekundu la kiangazi linachungulia. Katikati ya kazi hiyo anafanana na godoro lililotupwa jalalani. Mbavu zinazoonekana Aprili pia ni jambo la kawaida, ametoka kwenye miezi ya kula vijiti. Mngojee Juni.

Lakini picha ninazozipenda kuliko zote ni za mtoto wa mwaka jana. Huyu ametembea nyuma ya mama yake mwaka mzima. Mwezi Mei mama anakaribia kuzaa na anataka upweke, na siku moja anamgeukia. Kwenye video yangu ya sekunde kumi na tano mama analaza masikio nyuma, ananyoosha shingo, anamrukia hatua mbili. Mtoto anarudi nyuma, anasimama, anamsogelea tena. Mama anampiga kwa kwato. Kisha kwa siku tisa mfululizo kamera inamwonyesha mtoto yule peke yake, saa zilezile walizokuwa wakipita wawili, anasimama katikati ya njia, anatazama nyuma, anaondoka, anarudi. Mfugaji yeyote humu atasema ni kumwachisha ndama tu, na ni kweli. Bado nashindwa kuzitazama zote kwa mkao mmoja.

Halafu mama anatoweka. Hapo ndipo mwenye kamera hupata kiwewe: wiki mbili, tatu, jike hapiti, au anapita mara chache kwa haraka. Yule niliyemfukuza mimi mwaka wa kwanza alitoweka pia, kwa hiyo nilikuwa na sababu ya kuogopa. Lakini kutoweka huku ni habari njema. Amezaa.

Mimba yao ni kama siku 200, na wengi huzaa mwisho wa Mei na Juni. Mtoto huzaliwa na madoa meupe kama mia tatu hivi, mfano wa mwanga wa jua unaovuja kwenye majani, na karibu hana harufu. Mama humlamba, hula kondo la nyuma, hata mkojo na kinyesi cha mtoto anakifuta kwa ulimi. Kisha anamlaza na kwenda zake. Wakiwa pacha anawalaza mbalimbali. Anarudi mara chache kwa siku kunyonyesha, na muda mwingine wote anakaa mbali kwa makusudi, kwa sababu mwenye harufu ni yeye. Mtoto akiona hatari hakimbii. Anajibana chini, shingo imelala juu ya nyasi, na moyo wake unapunguza mapigo.

Mnaona basi linalotokea. Mtu anatembea msituni, anamkuta mtoto kalala peke yake, hatikisiki, macho makubwa. Anasema masikini, ametelekezwa. Anambeba. Ofisi za wanyamapori hupokea watoto wa namna hii kila machipuko, nao wengi walikuwa na mama aliyesimama mita mia moja pembeni akingoja mtu huyo aondoke. Nimewahi kuulizwa kama inafaa kuweka kamera karibu na malalo ya mtoto. Nilijibu kwa ukali kuliko ilivyostahili, na aliyeniuliza yumo humu, anisamehe, lakini jibu ni lilelile: hapana. Ukikanyaga pale umewachorea mbweha na koyoti njia.

Swali la pili ninaloulizwa sana ni la chumvi. Ni kweli kwamba machipuko kulungu huitamani, kwa kuwa majani mabichi yana maji mengi na potasiamu nyingi na sodiamu kidogo. Ukiweka jiwe la chumvi mbele ya kamera, utapata picha kila usiku. Utapata pia midomo ishirini ikilamba mahali pamoja. Kuna ugonjwa wa kudhoofika wa kulungu, wa jamii moja na ule wa kichaa cha ng'ombe, ambao uligunduliwa Colorado mwaka 1967 kwenye kulungu waliofugwa kwa utafiti. Hauna tiba. Hupita kwenye mate, mkojo na kinyesi, na kinachousababisha hudumu udongoni kwa miaka. Mwaka 2016 ulionekana Norway kwa reinidia wa porini, kulungu wa nchi za baridi kali. Majimbo kadhaa ya Marekani yamepiga marufuku chambo na chumvi kwa sababu hiyo. Njia ya wanyama inatosha. Mahali ambapo miteremko miwili inakutana, kivuko cha kijito, pengo kwenye ua wa zamani wa mawe: hapo watapita bila kuhongwa.

Na jikagueni kupe mkirudi nyumbani. Nyuma ya magoti, kwapani, kwenye mstari wa soksi. Hilo nalisema kwa kifupi lakini silisemi kwa mzaha.

Nimalizie na mwaka wa pili, kwa sababu mtaniuliza. Niliihamisha kamera ng'ambo ya kijito, nikaifunga Machi, wiki nyingi kabla ya tumbo la yeyote kuonekana, na nikaenda mara tatu tu hadi Julai. Jike nadhani ni yuleyule. Ana kovu jeupe juu ya goti la nyuma, na kwenye ile picha ya 05:47 kuna kitu cheupe mahali hapo, ingawa ukungu unanizuia kuapa. Alitoweka tarehe 24 Mei. Tarehe 19 Juni, saa kumi na mbili na robo asubuhi, anatokea kulia mwa picha, anasimama, anatazama nyuma. Anatokea mtoto mmoja, miguu ikiwa mirefu kuliko akili yake. Kisha wa pili. Mama anapita. Wa kwanza anapita. Wa pili anaiona kamera, au anaisikia, sijui, anaijia moja kwa moja mpaka kwenye kioo kunabaki pua tu, nyeusi, yenye maji, ikicheza.

Picha sita zinazofuata hazionyeshi kitu. Amepumulia lenzi.

Naomba anayesimamia projekta atuzimie taa, tuanze na hizo.